Mzigo wa Ulaya Uliopitia Ulaya

Kwa wasiotoka kwetu niwaeleze kwanza: wilayani Kilosa kuna kata inaitwa Ulaya. Iko njiani ukitoka Mikumi kwenda Kilosa mjini, kwenye ile barabara ambayo mimi tangu utoto naijua kwa vumbi lake. Konda akipiga kelele "Ulaya, Ulaya, bado wawili", usitafute pasipoti, tafuta nauli. Utani huu sisi wa kule tumeshauchosha. Kila mmoja wetu aliyefika chuo amewahi kuwaambia wenzake wa hosteli kwamba likizo anaipitisha Ulaya, na kila mmoja ameshaumbuliwa na mtu wa Kidodi au Ruaha anayejua.

Lakini mwezi wa nane mwaka jana nilipita Ulaya nikiwa nimepakata mzigo uliokuwa unakwenda Ulaya kweli. Umefungwa karatasi ya kaki, kamba ya katani juu yake, anwani ya Uingereza kwa herufi kubwa. Ndani kulikuwa na vitabu vitatu na boksi la karata. Nilichokiandika kwenye mzigo ule, na nilichokifanya na hela ya kuutumia, ndicho ninachotaka kukisema hapa, kwa sababu nimeshakisema kwa mtu mmoja tu na yeye bado hajanijibu.

Nilikuwa field. Nasoma utalii, na nilipangiwa kwenye loji moja karibu na Mikumi, upande wa hifadhi. Mnaoijua Mikumi mnajua ilivyo: barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya mpaka Zambia inapita katikati ya hifadhi, malori yanapunguza mwendo kwenye matuta, na kuna mabango yanayokutajia faini ya kila mnyama utakayemgonga, utadhani menyu ya hoteli. Kazi yangu ilikuwa mapokezi asubuhi, na jioni kusaidia popote ninapotumwa. Hela ya field ilikuwa haijaingia. Wanaosoma hapa hawahitaji maelezo zaidi juu ya sentensi hiyo.

Siku moja dada wa usafi alitoka chumba namba sita mbio, ametupa ufagio. Mgeni wa chumba kile, bibi wa Kiingereza wa miaka sabini hivi, alikuwa ameondoka alfajiri kuwahi ndege Dar. Kwenye droo ya kitanda alisahau kitambaa cha hariri cha zambarau, na ndani yake vitabu vitatu na boksi. Dada akafungua boksi. Karata ya kwanza aliyoitoa ilikuwa na mifupa ya mtu iliyovaa deraya, imepanda farasi mweupe. Ya pili, mtu amening'inizwa kwa mguu mmoja, kichwa chini. Ya tatu hakuitoa.

Mlinzi alisema hiyo ni ramli ya kizungu. Mpishi alisema ichomwe moto kabla ya magharibi. Mlinzi, ambaye ni mtu wa kupenda sheria, akaongeza kwamba hata serikali haitaki vitu hivyo, tutakamatwa wote. (Baadaye niliisoma. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ipo kweli, ya mwaka 1928, wakati wa Mwingereza, na maana yake ya uchawi imetanuliwa mpaka kumgusa mtu anayedai kuwa na maarifa ya siri. Kwa hiyo mlinzi hakuwa mjinga hata kidogo. Kilichonichekesha ni kwamba Mwingereza aliyetuandikia sheria hiyo ndiye aliyetuletea na karata.) Meneja akatazama kundi lote, akanyoosha kidole kwangu. "Wewe msomi. Kaa nazo mpaka mwenyewe apige simu."

Nikaziweka chini ya kitanda changu. Usiku huo mwenzangu wa chumbani alihamia kwa wapishi, godoro kichwani.

Sijifanyi jasiri. Usiku wa kwanza sikulala vizuri. Nimekulia Kilosa, kwenye nyumba ambayo bibi yangu mzaa baba alikuwa akipigiwa ramli ya mchanga na mzee mmoja kila kabla ya kilimo, na nguzo za umeme za mji wetu zimejaa matangazo ya waganga wa kurudisha mpenzi ndani ya saa kadhaa. Nchi hii ilimsikiliza Sheikh Yahya Hussein na nyota zake miaka mingi mpaka alipofariki 2011, na waliokuwa wakimcheka mchana walikuwa wakiuliza usiku kasema nini. Kwa hiyo sikuziogopa karata kwa kuwa ni ngeni. Niliziogopa kwa kuwa nilizielewa.

Usiku wa pili nikatumia bando langu la mwisho kuzisoma. Zinaitwa tarot. Ziko 78: kubwa 22, na ndogo 56 ambazo hazitofautiani sana na karata tunazochezea last card na albastini, isipokuwa kila rangi ina karata moja zaidi. Zilianza Italia ya kaskazini katika karne ya 15, na zilianza kama mchezo tu, wa watu wakubwa wa mjini kupotezea muda. Mambo ya kutabiri yalishika Ufaransa karne ya 18, zaidi ya miaka mia tatu baadaye. Picha zilizokuwa chini ya kitanda changu, na yule mifupa juu ya farasi, zilichorwa na mwanamke aitwaye Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909. Wafaransa wengine mpaka leo wanacheza tarot kama mchezo wa kawaida, wanagombana juu ya pointi kama wazee wa bao.

Nikalala.

Wiki iliyofuata imeili ikaja. Yule bibi alikuwa amegundua akiwa nyumbani. Aliandika kwa adabu sana, kama vile yeye ndiye aliyetukosea. Karata, alisema, si zake. Zilikuwa za dada yake aliyefariki miaka miwili nyuma, na kile kitabu chenye jalada la kijani kimejaa maandishi ya dada huyo pembeni ya kila ukurasa. Hakuwa anatabiri chochote. Alikuwa akisafiri nazo kwa sababu walikuwa wamepanga kuja Afrika pamoja, hawakuwahi. Akaomba vitumwe kwa njia ya haraka na ya uhakika yenye namba ya kufuatilia, EMS ikiwezekana, na akauliza gharama.

Meneja akanisukumia mimi. Nikapiga simu, nikauliza, nikakadiria kwa juu kidogo, nikamwandikia. Siku mbili baadaye laki mbili ziliingia kwenye simu yangu, kwa jina langu. Si kwenye akaunti ya loji. Meneja hakuuliza tena, alikuwa na wageni wa pikipiki kumi na wanane wa kuwatafutia maji ya moto.

Hapo nisimame kidogo. Laki mbili, kwenye simu ya mwanafunzi ambaye hela ya field haijaingia, ambaye mwenye gheto Morogoro ameshatuma meseji mbili za "habari ya siku nyingi", na ambaye ripoti ya field lazima ichapwe na kujalidiwa nakala tatu. Mchana ule niliitazama salio mara nne. Sikuwa nimeamua kuiba. Nilikuwa nimeamua tu kuuliza kama kuna njia ya bei nafuu, jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili huliuliza.

Jumamosi nikaomba ruhusa, nikapanda gari la Kilosa. Mikumi kuna huduma, lakini nilitaka posta ya nyumbani. Babu yangu alifanya kazi reli, enzi ambazo barua za bara zilisafiri kwa treni, na sanduku lake la barua liko Kilosa mpaka leo ingawa yeye hayupo. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinituma na ufunguo. Ni zaidi ya kilomita sabini kutoka Mikumi, na nilikaa na mzigo mapajani njia nzima, kwa sababu konda alitaka kuurusha juu ya keria pamoja na kuku.

Tulipofika Ulaya mama mmoja alipanda, akausoma mzigo, akaniambia, "Mwanangu, umeshafika, shuka." Gari zima likacheka. Na mimi nilicheka.

Karani wa posta alikuwa mzee wa makamo, miwani imefungwa kamba. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Unapeleka wapi?" Nikamwambia. Akauweka kwenye mizani: kilo moja na gramu mia nane na kitu. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Badala ya kunitajia bei moja, alinieleza njia zote, taratibu, kama mwalimu.

Nitayarudia hapa kwa sababu wengi wetu tunadhani posta imekufa, na siku utakayohitaji kutuma kitu nje hutajua pa kuanzia. Karibu nchi zote zinazotumiana barua ziko ndani ya makubaliano moja yaliyoanza Bern, Uswisi, mwaka 1874, ndiyo maana stempu ya Tanzania inaheshimiwa na tarishi wa Uingereza ambaye hajawahi kukusikia. Makubaliano hayo yanagawa mizigo kwa aina, na kila aina ina kikomo cha uzito. Barua, mpaka kilo mbili. Vifurushi vidogo, yaani vitu na si barua, navyo mpaka kilo mbili. Machapisho, yaani vitabu, magazeti na karatasi zilizopigwa chapa, mpaka kilo tano, na ukiwa na vitabu vingi unaweza kujaza mfuko maalumu mpaka kilo thelathini kwa anwani moja. Maandishi ya wasioona mpaka kilo saba, na hayo huenda bila malipo ya posta. Hilo lilinifurahisha zaidi ya yote. Halafu kuna vifurushi vikubwa vyenye fomu zake. Juu ya aina hizi unaweza kuongeza rejista, mzigo ukapata namba na kusainiwa unapopokelewa. Na pembeni kabisa kuna EMS, ya haraka, yenye kufuatiliwa, na ya bei.

Machapisho ndiyo ya chini. Wazo lake ni zuri: kitabu ni elimu, elimu isafiri kwa bei nafuu. Wamarekani nao wana bei yao ya vitabu tangu 1938, wakati wa Rais Roosevelt, na wameiwekea ukuta: kitabu kinaingia, mchezo hauingii. Kwa sababu watu ni walewale kila mahali. Ukifungua mlango wa vitabu, kila mtu mzigo wake unageuka kitabu.

"Kuna nini ndani?" akaniuliza.

"Vitabu."

"Vitabu tu?"

Nilikuwa na njia tatu mbele yangu, na nataka mjue kwamba zote nilizielewa. Ya kwanza, EMS, niliyolipiwa. Ya pili, ambayo mzee mwenyewe aliitaja bila mimi kumwuliza: kama kuna kitu kingine, tenganisha, vitabu viende machapisho, hicho kingine kiende kifurushi kidogo kwa rejista, bado utaokoa hela nyingi na kilicho cha thamani kitakuwa na namba. Kama ningechukua hiyo na kumwandikia bibi "nimepata njia nafuu, chenji yako hii hapa", leo nisingekuwa na makala. Ya tatu ilikuwa mzigo wote machapisho, kawaida, bila rejista, bila namba.

Kichwani nilikuwa nimeshatayarisha utetezi. Karata zimechapishwa au hazijachapishwa? Zimechapishwa. Kwenye karatasi ngumu, nakala nyingi zinazofanana, na kiwanda. Kwa nini zisiwe machapisho? Ningeweza kuutetea utetezi huo mbele ya paneli na kupata B plus. Lakini kama niliuamini, ilinibidi niseme tu, "Vitabu na karata, baba, zinaingia?" Sikusema. Na kile kitabu cha kijani kilikuwa kimejaa mkono wa marehemu kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa hiyo hata vitabu havikuwa machapisho matupu.

"Vitabu tu," nikasema.

Akaubonyeza mzigo kwa kidole gumba. Machapisho hufungwa kwa namna ambayo yanaweza kukaguliwa kwa urahisi. Mimi nilikuwa nimefunga kamba mafundo manne. Akanitazama juu ya miwani. Nadhani alijua kuna kitu, ila hakujua nini, na nadhani pia aliona binti wa mtaani kwake, pengine hata sura ya babu. "Haya. Umesema wewe. Na rejista?"

"Hapana, kawaida inatosha."

Nikajaza ile karatasi ya forodha: yaliyomo, vitabu. Thamani, nikaandika ndogo. Nikasaini. Akabandika stempu moja moja, akazigonga mhuri. Nilitoka nje na laki moja na nusu na ushee mfukoni, jua la saa sita, nikanunua soda baridi pale karibu na stesheni ya zamani, na nakumbuka vizuri kwamba nilijisikia mwerevu.

Nauli ikatoka humo. Kodi ya gheto ikatoka humo. Ripoti ikajalidiwa. Hela ya field ilipoingia, wiki tatu baadaye, nilikuwa nimeshazoea kuziona zile nyingine kama zangu.

Swali la kwanza lilikuja baada ya siku tano: "Je, umefanikiwa? Una namba ya kufuatilia?" Nikajibu kwamba mzigo umeondoka, hilo kweli. Kuhusu namba nikasema mtandao wa posta unasumbua, nitaituma. Hapo ndipo nilipoanza kusema uongo kwa maandishi. Pale dirishani ilikuwa mdomo tu. Na mtandao wa posta haukuwa umenikosea chochote, maskini. Niliutaja kwa sababu Mtanzania akitaja mtandao kusumbua hakuna anayebisha.

Swali la pili, la tatu. Field ikaisha, nikarudi chuo. Imeili ya tano iliingia tarehe 9 Oktoba. Naikumbuka kwa sababu siku hiyo ni Siku ya Posta Duniani, redioni walikuwa wanaisema, na mimi niko kwenye foleni ya chakula nasoma kwamba bibi wa miaka sabini anashuka kila asubuhi kuangalia mlangoni. Hakuwa amekasirika. Aliandika kwamba anaelewa mambo huchelewa, ila kama umepotea nimwambie tu, maana kusubiri ni kugumu kuliko kujua. Sikujibu. Niliiweka alama ya kutosomwa, kama vile mimi ndiye ningeweza kudanganyika.

Kuna jambo la nyumbani nililisahau kwa makusudi miezi ile, nalo lilinirudia foleni ile. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo ukaingia Kilosa. Mnaweza kuwa mmesikia habari ya reli kukatika na watu kuhamia kwenye mahema. Nilikuwa mtoto mdogo. Nyumba yetu maji yaliingia usiku, tukatoka salama wote, na kilichobaki ndani kilikuwa sanduku la bati la babu, lenye barua za bibi mzaa mama kutoka Tabora, alizomwandikia kabla hawajaoana. Maji yalipotoka tulilikuta limejaa tope. Babu aliziweka juani, karatasi moja moja, mawe juu yake. Wino ulikuwa umeondoka. Aliendelea kuzianika siku tatu, na hakuna mtu mzima aliyethubutu kumwambia aache.

Kwa hiyo mimi si mtu ambaye hakujua. Nilishaona mzee akianika karatasi tupu.

Nilienda posta ya chuoni mjini kuuliza. Dada aliyekuwepo alikuwa mpole. "Una risiti?" Ninayo. "Namba?" Sina, ni ya kawaida. Akanirudishia risiti. Alinieleza kwamba ya kawaida haina namba, haijapotea wala haijafika, iko njiani tu mpaka ifike. Nikatoka. Hiyo ndiyo bidhaa niliyonunua kwa hela ya mtu mwingine: mzigo ambao hauwezi kuulizwa.

Wiki ya kumi na moja imeili ikaja yenye picha. Niliifungua nikiwa maktaba. Karata zote zimepangwa mezani kwa safu, kitambaa cha zambarau pembeni, kitabu cha kijani kimefunguliwa na mwandiko unaonekana. Boksi limepasuka kona moja, basi. Zimefika zote 78, aliandika, amezihesabu mara mbili. Nililia pale maktaba, mtu wa pembeni akadhani nimeona matokeo.

Chini kulikuwa na picha ya pili. Karatasi yangu ya kaki, imenyooshwa vizuri kama kitambaa cha meza, na stempu zote zikiwa juu, mihuri ya Kilosa inasomeka. Alisema stempu ni nzuri sana na ataihifadhi ile karatasi. Stempu, kwa mliosahau, zina bei juu yake. Kwenye karatasi ile kulikuwa na neno vitabu kwa mwandiko wangu. Sentensi yake ya mwisho ilikuwa hii, naitafsiri: natumaini kilichobaki kilikusaidia.

Nimeisoma sentensi hiyo kwa sauti za kila aina. Kuna siku naisikia kama dhihaka. Siku nyingine naisikia kama bibi anayemwombea heri mtoto wa watu. Rafiki yangu wa gheto anasema nimeng'ang'ania bure, mzungu kasamehe, karata zimefika, hela ndogo kwake, sonsola. Nilimwuliza kama zisingefika angesemaje. Akasema, "Ungesema zimepotea, si ndio kazi ya posta?" Sikumjibu, ila nilijua kwamba hata mimi nilikuwa nimeliweka hilo akiba. Kama mzigo ungepotea, wa kulaumiwa alikuwa tayari yupo, na watu wangeniamini papo hapo.

Imeili ya shukrani niliandika nikafuta mara sita. Mwisho niliacha. Bumu la muhula huu lilipoingia niliandika barua, ya mkono, kurasa tatu. Nilitaja kila kiasi: ulichotuma hiki, nilicholipa hiki, nilichokula hiki, na nilivyokitumia. Nilimweleza njia ya pili, ile ya kutenganisha, kwamba nilielezwa na sikuichukua. Nilimwambia nimeshaweka pembeni elfu sitini, na kwamba nyingine nitazitoa kwa mafungu, anielekeze nizitume kwake au anakotaka yeye. Kuhusu babu sikuandika. Niliona nitakuwa namwomba anihurumie.

Pasaka nilishuka Kilosa kwa SGR, nikaenda posta ileile, dirisha lilelile. Mzee hakunikumbuka, au alijifanya. Akaiweka barua kwenye mizani, haikufika gramu ishirini.

"Kawaida au rejista?"

Nikachukua rejista. Nina namba sasa. Naiangalia kila nikipata bando. Mara ya mwisho ilionyesha imetoka Dar es Salaam.